Watu Watano Sakafuni

Winnipeg, Februari. Nje baridi inang'ata masikio,
ndani chumba cha ghorofa ya pili, zulia la kijani,
na watu watano wamevua viatu kwa ajili ya mwanangu.

Sikuwahi kuwaona wataalamu wakiwa na soksi tu.
Ya Dokta Friesen imetoboka kidoleni.
Nikamwamini kidogo.

Thorlakson, mtu wa viungo (si vya pilau),
pandikizi la mtu, anatambaa kwa magoti
aone kama Raifa atamfuata au atamkwepa.
Ligaya anapuliza mapovu ya sabuni, anasita,
anangoja neno.
Marjolaine ana kijiko, ana kikombe, ana mdoli mwenye njaa.
Wa tano anaandika. Kalamu yake hainyanyui kichwa.

Raifa ana miaka mitatu na miezi miwili.
Kapewa vitofali tisa vya mbao ajenge mnara.
Hajengi. Anavipanga ukingoni mwa zulia,
kimoja, kimoja,
kama abiria wanaongoja basi kwenye theluji,
bila kusukumana.

Kalamu inaandika.

Nataka kusema: nyumbani hujenga.
Nyumbani juzi alisema "maji",
au hamu yangu ndiyo iliyosema, nami nikaitika.

Mezani simu, spika imewashwa: mkalimani,
Bwana Byamungu, sauti ya Bukavu yenye mafua.
"Mama, wanauliza, mtoto anaonyesha kitu kwa kidole?"
Hapana. Hunishika kifundo cha mkono,
akaniongoza mpaka kwenye friji,
akauweka mkono wangu mlangoni.
Mimi ni ufunguo wake, nikasema.
Sikujua kwamba hilo ni jibu.
Byamungu alipomaliza kulitafsiri
wote watano waliinua macho.

"Wanasema, mama, mtoto amechelewa."
Kachelewa wapi? Alikuwa na miadi na nani?
Byamungu akakohoa. Akalirudisha neno kwao,
wakaligeuzageuza, wakampa jingine,
nalo likafika limevaa koti lilelile.

Mama yangu, kwa simu kutoka Korogwe, mwaka mzima:
*Kawia ufike. Mjomba wako Shekalaghe
alianza kusema ana miaka minne,
na mpaka leo hatujapata wa kumnyamazisha.*
Nilicheka. Nikailalia methali ile kama godoro.
Barua ya kliniki ikakaa juu ya kabati, miezi tisa,
chini ya kopo la unga.
Sikujiuliza: na aliyeikosa njia je,
naye tumwambie akawie tu?

Saa sita wakatuomba tusubiri nje.
Kupitia kioo nikawaona wakibishana:
Ligaya akitikisa kichwa, Thorlakson akionyesha magoti,
Marjolaine kakishika kile kijiko kama ushahidi.
Wanamgombea, nikawaza,
kama washenga na mahari.
Na nilifurahi, sijui kwa nini. Mwaka mzima
nilikuwa nambishania peke yangu,
na nafsi yangu.

Waliporudi hawakuwa na neno moja.
Walikuwa na matatu, na moja kati yake
lina alama ya kuuliza.
Masikio kwanza, alisema Friesen; tujue anasikia nini
kabla ya kusema kwa nini hajibu.
Usonji? Labda. Baada ya miezi sita
tutakaa tena hapa chini.
Nimeambiwa "sijui" na watu wengi.
Hii ya leo ilikuwa imepimwa, ina tarehe,
ina sahihi tano.

Nilikuwa namfunga Raifa zipu ya koti la pili
alipochoropoka, akarudi ndani,
akashika kifundo cha mkono. Si changu.
Cha Ligaya. Akamvuta mpaka kwenye chupa ya mapovu.

Ligaya akaishika chupa, akakishika kifuniko,
hakufungua.
Akamtazama mwanangu machoni.

Tukanyamaza sote sita,
hata Byamungu, kwenye simu
ambayo hakuna aliyekumbuka kuikata.
Nje basi letu lilipita.
Hatukugeuka.