Gundi Haijakauka

Khareef imeondoka Salalah, na watalii mkiani mwake.
Mbao zilizokunywa ukungu miezi mitatu
sasa zinakauka kwa sauti:
ka, ka, usiku, kwenye ukumbi mtupu.

Viti arubaini na viwili. Navipindua miguu juu
kama mbuzi wa Idi.
Chini ndiko kwenye habari.
Juu ya meza watu huweka adabu zao,
chini hubandika ubani waliochoka kuutafuna,
ule wa dukani, si ule wa milimani.

Maji ya vuguvugu, sabuni kiduchu.
Siki kwa kuvu.
Kitambaa kikamuliwe: mbao haiogi, hupanguswa.
Hilo nililijua Wete, kwa fundi Faki,
kabla sijajua kuomba radhi kwa Kiarabu.

Wateja nawajua kwa viti vyao.
Huyu wa saba huegemea nyuma, miguu miwili hewani,
ana deni au ana raha, sijapambanua.
Wachumba wa pembeni hukaa ukingoni,
mto wao umechakaa mbele tu.
Dereva wa lori la Thumrait ameacha kivuli cha grisi
ambacho hata magadi yameshindwa.
Nakisalimu kila Jumatatu.

Cha kumi na tisa kimelegea.
Nachomoa mguu, nakwangua gundi ya zamani,
napaka mpya, nakaza kwa kamba na kijiti.
Kinataka uzito sasa, na gunia la mchele
Biju amelimaliza kwa chakula cha harusi.

Miaka minne hapa
nimekalia ndoo, kreti la laban, kizingiti cha jikoni.

Bwana Musallam anahesabu fedha, hainui uso.
"Makame. Kaa wewe."
"Wapi?"
"Juu yake. Mpaka ikauke."

Nikakaa. Taratibu, kimgeni.
Mikono sikujua niiweke wapi,
nikaiweka mezani, inanuka siki.
Kumbe dirisha hili lina mnazi!
Miaka yote nimefuta kioo chake
nikitazama alama za vidole.

Biju akapita na ufagio, akarudi na chai ya maziwa,
kikombe na kisahani.
"Na nini tena, bwana mkubwa?"
Tukacheka, kisha yeye akaacha kucheka kwanza.

Kopo la gundi linasema nusu saa.
Saa nzima ikapita. Musallam akafunga droo, akauliza.
Nikainama, nikagusa kiungo kwa kidole:
kikavu kama mfupa.

"Bado," nikasema.