Paka wa Urve

Wa kwanza kugundua alikuwa paka.
Wiki nzima hakulala juu ya jiko la matofali;
alihamia nyuma ya kompyuta ya Urve,
ofisi ya kiwanda cha mbao, mjini Võru,
nje baridi nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri.

"Inanguruma nikienda kunywa kahawa," Urve alisema kwenye simu.
"Nikirudi, kimya.
Kama darasa lililosikia viatu vya mwalimu."

Nikaenda. Nikafungua orodha ya programu:
prosesa, asilimia tatu.
Tatu! Mashine imekaa kwa adabu, mikono magotini.
Nikaachia kipanya, nikangoja dakika tano
nikihesabu magogo yaliyopangwa uani.
Skrini ikafifia, theluji ikaanza kuanguka,
theluji ya kuchorwa, chembe moja moja,
kana kwamba ya dirishani haitoshi.
Feni ikapanda, vuuu,
paka akafumba macho kwa raha.

Nikagusa kipanya nimkamate.
Asilimia tatu.

Mwizi wa namna hii hutoka jicho likifumbwa.
Nikaazima kompyuta ya Kalju, msimamizi wa misumeno,
nikaingia kwa mtandao kutoka chumba cha pili,
sikugusa kitu, nikachungulia tu
kama mtu kwenye tundu la ufunguo:
tisini na saba. Tisini na nane.
Na jina lake waziwazi, kihifadhi skrini.

Kikulacho, kweli, kilikuwa nguoni.

Kadi ya picha ilipoteza draiva yake
tangu sasisho la Novemba,
basi prosesa, karani wa kodi na mishahara,
akawa anachora kila chembe kwa mkono wake,
mara sitini kwa sekunde,
akiwachorea viti vitupu.

Kalju alicheka. Mimi sikucheka;
nazijua saa zangu za kuzima taa.

Nikarudisha draiva. Nikauliza, theluji ibaki?
"Futa," Urve akasema, "theluji ninayo."
Tukaacha weusi mtupu.
Asilimia moja. Kimya,
hata tukamsikia paka akishuka.

Ijumaa akapiga tena.
Mashine haina neno, alisema, Mungu akubariki.
Ila paka sasa halali ila mapajani mwake,
hainuki, hapigi hesabu, mwezi unaisha,
na je, huyu naye
nina draiva yake?