Mikebe Kumi na Saba

Mikebe ilikuwa kumi na saba, ya bati,
nyuma ya tangi la maji moto, nyumbani kwa marehemu Shangazi Verdell,
kila mmoja una mwandiko wa mumewe, Orvelle Tinsley, kinyozi,
mwandiko ulioinama kama mtu anayetegea redio ya jirani:
Theluji. Harusi ya akina Pruitt. Samaki, Ijumaa.
Mmoja ulisema: Bure tu.
Huo nikauweka kando.

Agosti tulishona shuka nne zikawa moja,
tukaitundika kwenye ukuta wa ghala, hapa Milwaukee,
hatua arobaini kutoka ile barabara kuu
iliyopitishwa katikati ya mtaa wetu kama kisu katika mkate,
ila mkate hukatwa uliwe.
Watu wakaja na viti vyao, na blanketi za kuzuia upepo wa ziwa.
Mbu nao wakaja, hawakualikwa.

Filamu ni bubu. Ndimi tulikuwa nazo sisi.
"Huyo Cleophus!" "Cleophus yupi?"
"Wa saksafoni, aliyekopa asilipe!"
Wanaume wanatoka zamu kiwanda cha ngozi,
viganja vimeiva kwa dawa,
wananyoosha kola kabla kamera haijawafikia.
Wasichana wanaruka kamba, kamba yenyewe haionekani,
wanaachana na ardhi tu, wanairudia, wanaiacha.
Mtoto mwenye mapengo anaitolea kamera ulimi:
ndiye Askofu Lucius Batiste, aliyekaa mstari wa pili,
na mapengo yamemrudia.

Kisha kikaango. Mkono, bangili, mvuke.
Bi Odessa Pruitt, miaka themanini na minane, akasimama bila fimbo:
"Mgeuze, Mama, anaungua!"
Tukacheka. Halafu kicheko kikakosa pa kuketi,
maana yule wa ukutani
alimgeuza samaki,
akafuta jasho kwa kiwiko,
akatutazama.

Mkebe wa kumi na sita ni tingatinga.
Sikutaka kuuonyesha. Keyonna akasema, onyesha.
Nyumba inakaa chini taratibu, kama mama mwenye mgongo mbaya.
Kinyozi kinabaki ukuta mmoja na kioo chake,
na ndani ya kioo, limenyooka, limeoshwa,
lori lililokuja kukibeba.
Hakuna aliyesema neno. Juu yetu magari yalipita,
vuu, vuu, yanawahi vitongojini.

Keyonna Rudd ndiye mchoraji. Usiku ule aliketi chini, mbele,
daftari gotini: "Simamisha. Rudi. Huyo wa bangili, tena."
Tangu Septemba anachora kwenye nguzo za barabara ileile.
Nguzo saba, watu mia na kumi.
Iliyowahamisha, sasa inawabeba kichwani,
wala haijui.

Lakini kila anayepita huuliza: Orvelle yuko wapi?
Miaka ishirini aliwapiga picha watu wote,
waliooa, waliozika, waliopasuka midomo kwa baridi.
Yeye nani alimpiga?
Kinyozi hajinyoi, nikawajibu,
nikadhani nimemaliza.

Usiku mmoja, sina usingizi, nikaufungua ule wa Bure tu.
Dakika tatu. Theluji tupu, haijakanyagwa,
na juu yake kivuli: miguu mirefu ya saa kumi alasiri,
kofia, kiwiko kilichokunjwa kushika kamera.
Kikasimama hapo, kama mtu aliyefika mlangoni
akasahau alichofuata.
Kisha kikapunga mkono.
Nikarudisha. Kikapunga.
Nikarudisha hadi balbu ikanuka.

Kwa hiyo kipo sasa, kimelazwa kwenye saruji,
kinaanzia pasipo na mtu, kinaelekea nguzo ya kwanza.
Watoto wa baiskeli hukikwepa, hakuna aliyewaambia.
Jana Bi Odessa aliletwa akione.
Akakizunguka mara mbili, polepole, mdomo amebana.
"Kofia siyo," akasema. "Ukingo wake ulilalia kushoto."
Keyonna hakubisha.
Akapiga goti, akatafuta bisibisi,
akafungua tena kopo la rangi nyeusi.