Shufwa na Witiri

Saa nane za usiku, Ibra, wodi ya figo.
Kiyoyozi kinakoroma kama mtu mzima.
Bi Shinuna binti Humoud kaletwa na mwanawe,
miguu imemlegea, ulimi mzito,
na mfukoni mwa kanzu yake nimekuta kokwa saba.

"Saba tu," kaniambia kwa Kiswahili,
lugha yetu ya kuwasengenyea madaktari.
"Nimekula kwa witiri, mwanangu. Ubaya uko wapi?"

Ubaya unatoka mashineni, kwenye utepe wa karatasi:
mapigo ya moyo yamechongoka vilele
kama mahema kwenye mchanga wa Wahiba,
na miguu ya mahema inazidi kutanuka.

Nikamweleza, huku natafuta mshipa.

Kila seli, Bi Shinuna, ni shamba lenye ukuta wa mafuta,
mwembamba, utando wa kitunguu mbele yake ni ngome.
Chenye chaji hakipiti mafutani. Abadani.
Hufika pale kimejitanda maji kama joho,
na mafuta humgeuzia mgongo.
Ndiyo maana kuna milango, na kila mlango una jicho.
Wa potasiamu humzuia sodiamu,
na sodiamu ndiye mdogo wa mwili!
(Sababu yake niliijibu mtihanini. Bado nashangaa.)

Halafu kuna pampu. Haina Ijumaa, haina Idi.
Sodiamu tatu nje, potasiamu mbili ndani,
tatu nje,
mbili ndani,
witiri ikitoka, shufwa ikiingia.
Potasiamu zikijaa ndani huanza kuchungulia,
moja moja huvuja,
na nyuma yao huacha hasi,
kama alama ya mtu aliyenyanyuka zuliani.
Hasi ndani, chanya nje: huo ndio umeme.
Moyo unapiga kwa kuwa ndani si sawa na nje.

"Falaji," akanikata.
"Baba alikuwa na athari mbili za maji, kila siku ya nane.
Maji hushuka kwa kuwa huku juu na kule chini.
Yakilingana, hayaendi popote."
Akafumba macho. "Mimi yamelingana?"

Yanakaribia.
Figo haziitoi, nje imejaa, mteremko umekwisha.
Athari: kwa wenye falaji ni nusu saa ya maji;
kwenye faili lake nimeliandika neno hilohilo
na sikumaanisha maji.

Kwanza kalsiamu, polepole, jicho langu kwenye mahema.
Haiondoi hata chembe moja ya potasiamu.
Inausimamia moyo tu, inauambia: tulia.
Kisha insulini, na sukari pamoja nayo.

"Sukari!" Akacheka mpaka sindano ikatikisika.
"Miaka minne mmeninyima tende,
leo usiku wa manane mnanitia sukari mshipani?"

Insulini inaihimiza pampu, Bi Shinuna,
potasiamu irudi shambani.
Sukari ni ya kukulinda na insulini yenyewe.

"Mna mambo," akasema.

Tukangoja. Hema moja likainama, kisha la pili.
Alfajiri akaja Prakashan, fundi wa mashine,
akafunga mirija bila neno, kama anayefunga mtoto nepi.
Damu ikapita kwenye utando mwingine,
wa plastiki, usio na jicho wala pampu,
unaojua jambo moja tu: penye wingi kwenda penye uchache.

Nikidhani amelala, akauliza:
"Na kama ningekula sita?"

Sikumjibu. Zamu ilikuwa imekwisha.
Nyumbani, nikivua sare, nikazikuta kokwa mfukoni mwangu.
Nilizitia mwenyewe, saba, nilizihesabu.
Nikazipanga juu ya meza, nikazipanga tena.
Sita.
Nikaupindua mfuko, nikaupapasa mshono wote:
hauna tundu.