Bei ya Simba-tai

Jumanne usiku, Saskatchewan, nyuzi thelathini chini ya sifuri,
tumejibanza chumba cha chini nyumbani kwa Orest,
tanuri linakohoa ukutani, chai imeshapoa,
na mimi, mwendeshaji wa mchezo
(mchana ni karani wa ghala la ngano),
nimekuja na orodha ya bei.

Nimeikokotoa wiki nzima kwa penseli,
saa za mapumziko, nyuma ya stakabadhi za shayiri:
farasi wa kawaida, dhahabu sabini na tano;
kulungu wa barafu, mia mbili, hatelezi;
nge wa kupandwa, mia tano, hatamu ni juu yako;
simba-tai, elfu nne,
kwa kuwa mwenye mabawa haulizi daraja liko wapi,
haulizi lango, wala haulizi mlinzi anataka nini,
na hadithi yangu yote
ni madaraja, malango na walinzi.

"Elfu nne!" Orest akapiga meza, dadu zikaruka.
"Huu ni wizi wa mchana kweupe!
Nimeua majitu matatu. Nina elfu moja na mia,
na kofia yenye pembe ambayo hakuna anayeitaka."
"Basi tumwibe," akasema Tavish, mdomo umejaa bisi.

Lorna Friesen alikuwa kimya, anachonga penseli.
Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza saa:
"Anakula nini?"

Nikasema, nyama.
"Kiasi gani?"
Nikasema, tuseme kondoo, kila siku ya tatu.
"Na kucha, nani anazikata? Akinyonyoka manyoya,
wiki ngapi haruki? Akilala zizini
na farasi wa wenzako, asubuhi kuna farasi wangapi?"

Nikageuza stakabadhi, nikapiga hesabu upya.
Kondoo, mganga, mchunga mwenye bima ya mkono,
zizi la mawe, maana la mbao atalibomoa:
kabla theluji haijayeyuka
chakula kilikuwa kimeshampita mnyama.
"Bei ya kununua ni salamu tu," akasema Lorna.
"Mazungumzo yenyewe huja baadaye."

Nikashusha mpaka mia tisa.
Orest akalipa papo hapo, akicheka,
na sisi wengine tukatazamana.

Oktoba Lorna alimuuza jike lake, Klara,
miaka kumi na tisa, goti la kushoto bovu.
Mnadani mtu mmoja alimfunua mdomo,
akahesabu meno, akataja dola mia sita.
Hakuuliza jina. Lorna hakumtajia.
Haya alituambia usiku ule, mara moja tu,
huku akizipanga dadu zake kwa rangi.

Halafu akamsogeza shujaa wake hadi sokoni,
akauliza kama kuna simba-tai mzee,
asiyeruka tena,
ambaye muuzaji amechoka kumlisha.

Katika orodha yangu hakuwepo.
Nikasema yupo, nyuma kabisa, bawa limepinda.
"Shilingi ngapi?" akauliza Tavish, na hakuna aliyecheka.
Lorna alikuwa na dhahabu arobaini.
Akarusha dadu ili kubembeleza bei: tatu.
Kati ya ishirini, tatu.
Kanuni zinasema muuzaji anakataa,
na kanuni nilizitunga mimi.

"Arobaini," nikasema, kwa sauti ya muuzaji,
sauti yangu mbaya ya puani.
"Na robota la majani juu yake."
"Simba-tai hali majani."
"Najua."

Orest akajishughulisha na kofia yake.
Lorna akainama, akaandika jina kwenye karatasi,
akalifunika kwa kiganja.

Saa sita tulikuwa nje tunakwangua barafu vioo vya magari,
pumzi zetu zimesimama kama uzio.
Gari la Lorna bado lina kulabu ya trela.

Orodha ninayo mpaka leo.
Safu ya mwisho, mstari wa simba-tai mzee,
nimeiacha wazi, na jumla haikubali.
Mimi ni karani. Linanikera.
Kila Jumanne nalichukua penseli, nalirudisha.