Kiganja Kimoja cha Buluu

Waache mafundi wanywe kahawa kwanza, Maëlle.
Wamekuja kuivisha nyumba koti la povu na plasta
ili baridi ya Ardenne isipenye tena, bili ya gesi ipungue.
Una haki: kuta hizi hazijui kutunza joto
kama mlevi asivyojua kutunza siri.
Lakini pale, kando ya mlango wa zizi, usawa wa goti,
pale waache.

Ni rangi tu. Buluu. Upana wa kiganja.

Barabara hii uionayo, ya lori la maziwa
na wastaafu wenye baiskeli za bei mbaya,
kila mwaka, mchana mmoja na usiku wake, haikuwa yetu.
Baba alipanga robota za majani makavu mbele ya lango,
akilipwa kwa robota, akizihesabu mara mbili asipunjwe.
Ng'ombe wetu Frisette aligoma kukamwa siku tatu.
Na kaka yangu Firmin, chali gizani,
aliyajua magari kwa sauti
kama wengine wajuavyo nyayo za baba zao ngazini:
"Huyu silinda kumi na mbili. Huyu gia ya nne inamsumbua.
Yule mweupe hajapita. Hesabu. Bado. Bado."

Saa tisa usiku, mvua kwetu, kwa jirani pakavu
(ndivyo ilivyo hapa, mvua huchagua shamba),
gari la buluu likaikosa kona.
Sikusikia kishindo. Nilisikia kimya,
kisha kitu kama kijiko kikikwangua ukoko.
Dereva akatoka, akavua kofia ya chuma,
akamwomba mama radhi kwa kuyaharibu majani.
Akapewa supu ya vitunguu. Mikono ilimtetemeka,
kijiko kikagonga bakuli, kikagonga, mpaka supu ikapoa.
Jina sikumwuliza. Nilikuwa na miaka tisa
na nimevaa nguo ya kulalia.

Wiki mbili baadaye akaja Désiré Colson wa televisheni!
Yule wa Alhamisi jioni,
koti la kodrai, kiko kisichowashwa mdomoni,
aliyeyapima magari kwa yai bichi juu ya dashibodi:
akipanda mlima wa Stavelot, yai likipona, gari ni jema.
Hapakuwa na muziki, wala moshi wa bure.
Mtu mmoja, yai moja, na injini ikijisemea.
Akamwuliza baba, "Ilikuwaje?"
Baba, aliyefanya mazoezi ya jibu asubuhi nzima mbele ya Frisette,
akasema: "Mvua ilikuwa inanyesha."

Alhamisi ikafika. Majirani kumi na mmoja, runinga moja.
Ukuta wetu ukatokea, wa kijivu,
na alama yake ya kijivu.
Firmin akalia: wameiba buluu yetu.
Baba akapita sekunde nne, akaisha.

Ukubwani niliwaandikia stesheni, kuiomba picha ile.
Wakanijibu kwa adabu: kanda zilikuwa ghali siku zile,
waliifuta, wakarekodi mpira juu yake.
Kwa hiyo baba yupo mahali fulani,
chini ya mechi iliyokwisha sare bila bao,
anasema mvua ilikuwa inanyesha.

Kipya kinyemi, sibishi.
Magari ya sasa hupita na mluzi, mengine hata mluzi hayana,
na watangazaji hufokeana hadi gari lenyewe linaona haya.
Labda yalikuwa mabaya, yale ya zamani. Yaliua watu.
Nalijua hilo. Niliiona ile mikono.

Firmin yuko Malmedy, kwenye nyumba ya wazee,
masikio yake yamezima yote mawili.
Jana nilimwandikia kwenye kibao: WANAUFUNIKA UKUTA.
Akachukua chaki, akakaa nayo muda mrefu,
akaandika chini yake: BADO.

Haya, fundi. Kahawa imekwisha.
Lete kalamu yako ya kupimia.
Kiganja ni hiki hapa. Kizungushie.