Kibaba

Kompyuta ya ushirika wetu hapa Hombolo
ni kongwe kuliko mizabibu ya mzee Lechipya.
Ukiiwekea programu yenye picha na rangi
inakohoa, inazima.
Basi nikaiwekea kihariri kile cheusi,
kisicho na menyu, kisicho na karibu,
kimstari kimoja tu kinapepesa kule juu
kama jicho la mtu anayesubiri ukosee.

Siku ya kwanza Damari Mhutila, karani,
aliandika: salfa mifuko sita.
Mashine ikalia. Salfa haikutokea.
Akaandika tena, kwa nguvu,
kama anayemsemesha kiziwi;
nusu ya maneno ikaruka, nusu ikamezwa.
Akatafuta mlango wa kutokea, hakuuona,
akachomoa waya ukutani.

Nami, kwa kiburi cha aliyeteseka hadi akajua,
nikamwandikia karatasi: amri arobaini,
mbele na nyuma, kwa kalamu za rangi mbili.
Akaikunja mara nne.
Wiki mbili hakuonekana mezani.

Nilimkuta kwenye mzani, mavuno ya Agosti,
kreti zimepangwa, nyuki wamelewa,
kazi zake zote kaziandika kiganjani:
Mazoya kilo 212, kiwanda Jumatano, fundi pampu.
Jasho lilikwisha kumla fundi, imebaki pampu.
Nikamwuliza, mbona umenitoroka?
Akajibu bila kuinua macho kwenye mzani:
"Ulinionyesha ghala, kijana.
Mimi nilikuja na kibaba."

Kesho yake nikaja mikono mitupu.
Mambo matatu, nikamwambia.
Gonga i: sasa unaandika.
Gonga kile cha pembeni kabisa, juu kushoto:
sasa umeacha kuandika, mashine inasikiliza tu.
Nukta mbili, w, q: umehifadhi, umetoka. Mlango ndio huo.
"Basi?"
Basi.
"Na yale thelathini na saba?"
Yatakuja siku utakapoyahitaji. Au yasije.

Mbele ya kila kazi akaweka mabano,
katikati nafasi tupu, kama shimo lisubirilo mche;
kazi ikiisha, anapanda x.

[x] fundi pampu
[ ] salfa mifuko sita, kabla ubwiriunga haujarudi
[ ] deni la Mazoya, kwa upole

Umeme ulikatika mara mbili asubuhi ile.
Mara ya kwanza alipiga kite.
Mara ya pili alikuwa amehifadhi,
akanitazama kama aliyenishinda bao.

Ni maandishi matupu, nikajitapa,
hayana uchawi, hayana mwenyewe;
faili hili litafunguka hata kwenye simu ya mwanao,
hata mashine hii ikishakuwa kiota cha kuku.
Hapo alinyamaza kidogo.
Nikadhani anawaza kuku.

Jumatatu moja ya Februari, mvua imeshika,
nikachungulia begani kwake (haifai, najua).
Mabano yamejaa x, ukurasa umenawiri,
mapogoleo, mbolea, hesabu za kiwanda,
na chini kabisa, peke yake:

[ ] kumpigia Nehemia

Tarehe ya pembeni, Septemba.

Nikasema, mwalimu asiyefundishika:
huo umezeeka, Mama. Simama juu yake,
gonga d mara mbili, mstari wote unatoweka.

Akafunika kibodi kwa kiganja,
kiganja kisicho na wino siku hizi.
"Hiyo usinifundishe," akasema.
"Nifundishe kuusogeza juu."

Ikabidi nimweleze: ni d mbili zilezile.
Unaufuta kwanza. Kisha usiogope,
haujaenda mbali, panda utakapo,
gonga P kubwa, utaurudi.

Aligonga d moja. Akangoja.
Akagonga ya pili, mstari ukapotea,
nikasikia pumzi yake imekatika, na matone juu ya bati.

Akapanda nafasi moja tu.
Akaurudisha.
Akahifadhi, akashuka kwenye salfa,
akaniuliza mfuko sasa ni shilingi ngapi.